Spika za Gari na Silabi Inayopotea

Neno letu la leo ni spika. Ukilisikia peke yake, huwezi kujua kama msemaji anataja kiongozi wa bunge au chombo cha duara kilichofichwa ndani ya mlango wa gari. Sarufi ndiyo inayokuokoa. Spika wa Bunge ni mtu, kwa hiyo tunasema Spika amesimama, Spika ameahirisha kikao. Spika ya gari ni kitu, nayo hupatanishwa kama vitu vingine vya ngeli yake: spika imepasuka, spika zimenyamaza. Wapo wanaopenda kukiita chombo hiki kipaza sauti, nami hulikubali neno hilo katika insha. Lakini ukienda Kisekka, pale katikati ya Kampala panapouzwa vipuri, ukaomba kipaza sauti, huenda ukaletewa kile cha kuhubiria barabarani. Omba spika.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza sababu ya Spika wa Bunge kuitwa hivyo, ilhali katika kikao yeye ndiye asemaye machache kuliko wote. Nilimjibu kwamba kazi yake ni kuhakikisha kila aliyepewa nafasi anasikika, na kwamba kelele za wengine hazimezi hoja yake. Hapa Uganda wabunge humchagua kutoka miongoni mwao wenyewe. Nchini Kenya anayechaguliwa kuwa Spika hatakiwi kuwa mbunge. Hayo tutayajadili siku nyingine. Leo nataka tuzungumze juu ya yule spika mwingine, ambaye hatuchagui, bali tunamkuta ndani ya gari tulilonunua na kumvumilia miaka mingi.

Huenda ukashangaa mwalimu wa Kiswahili kujishughulisha na vyuma na waya. Fikiri kidogo ni wapi unaposikia habari za nchi yako. Mimi huzisikia njiani. Natoka Nsangi asubuhi kabla jua halijapanda, nafika shuleni baada ya saa moja na nusu, na jioni huwa zaidi ya hapo, kwa sababu foleni ya Busega haina huruma. Mwezi Juni, bajeti inaposomwa, kwa kuwa mwaka wa fedha wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda huanza tarehe 1 Julai, mimi huwa ndani ya gari. Matokeo ya uchaguzi, tangazo la ugonjwa, onyo la mafuriko, bei ya mafuta: yote haya hunifikia kupitia spika nne za Toyota ndogo. Na wewe unayejifunza Kiswahili katika nchi kama hii yetu unazihitaji spika hizo kuliko mimi. Katiba ya Uganda, tangu marekebisho ya mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini mtaani hukisikii kwa wingi kama anavyokisikia mtoto wa Mwanza au wa Mombasa. Redio na rekodi za simu ndizo jirani zako wa Kiswahili. Jirani akisema huku amejaza chakula mdomoni, utajifunza nini kwake?

Magari yetu mengi hutufikia yakiwa yamekwisha kutumika, hasa kutoka Japani. Kwa jumla sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa; Kenya wameweka ukomo wa miaka 8. Kwa hiyo hata gari unaloliita jipya, lililofungiwa utepe na kuombewa na wazee, lina spika zilizokwisha kuzeeka ng'ambo kabla hazijaonja vumbi letu. Ukiifungua moja utaona kitu cha kawaida sana: koni ya karatasi, ukingo wa sponji au kitambaa unaoishikilia koni hiyo ili iweze kucheza mbele na nyuma, na sumaku ndogo yenye ukubwa wa kifuniko cha chupa ya asali. Kiwanda hakikumdanganya mtu. Kiliweka chombo chepesi, cha gharama ndogo, kinachotosha. Lakini jua linaloipiga milango ya gari mchana kutwa, pamoja na unyevu wa masika, huikausha sponji hadi ikapukutika vidoleni kama mkate wa juzi. Koni iliyopoteza ukingo wake haichezi tena kwa utaratibu. Hugonga, hukwaruza, hutetema. Ndiyo ile sauti ya nyuki katika kopo unayoisikia msomaji wa habari anapotamka neno zito.

Kabla hujaihukumu spika, hata hivyo, chunguza redio. Redio zilizotengenezwa kwa soko la Japani zilipokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, na stesheni zetu zimetawanyika kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana mafundi wa hapa hufunga kifaa kidogo cha kugeuza masafa kati ya antena na redio, na kifaa hicho kikiwa duni huongeza mvumo wake mwenyewe. Njia ya kupambanua ni rahisi: cheza rekodi safi kutoka kwenye simu yako kwa waya. Ikisikika vizuri, lawama ni ya mapokezi. Ikisikika vibaya vilevile, basi ugonjwa uko mlangoni.

Sasa tuje kwenye lugha yenyewe, maana hapa ndipo penye jambo. Irabu zetu tano ni za sauti nzito na zenye nguvu. Hata spika iliyochoka huzitoa. Konsonanti ndizo dhaifu. Sauti ya s ni upepo mwembamba unaopita katikati ya meno, na sehemu kubwa ya nguvu yake iko juu ya hezi 4,000. Sh iko chini kidogo ya hapo. F ni upepo uliotawanyika, hauna kilele, nao ndio mnyonge kabisa. Simu za zamani zilipitisha sauti kuanzia hezi 300 hadi 3,400 tu. Ndiyo sababu mtu akikutajia jina lake kwenye simu hukuuliza: ni f au s? Spika ya kiwandani yenye koni moja inayotakiwa kutoa kila kitu, kuanzia ngoma hadi filimbi, hulegea huko juu, na ikizeeka hulegea zaidi. Matokeo yake ni kwamba fika na shika huwa neno moja. Bei zimeshuka na nywele zimesukwa huanza kufanana. Kosa na kosha hushikana mikono.

Kuna baya zaidi ya hayo. Kiswahili huweka ukanushi mwanzoni mwa kitenzi, katika silabi moja nyepesi. Lugha nyingine zina neno zima la kukanusha ambalo hutamkwa kwa mkazo. Sisi tuna ha. Watalipa, hawatalipa. Itafungwa, haitafungwa. Mkazo wa neno letu hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo hauisaidii silabi hiyo ya mwanzo hata kidogo. H yenyewe ni pumzi tu. Alfabeti ya Kiganda haina herufi hiyo, na wanafunzi wangu wengi huimeza wanaposema na wanaposikia. Sasa litangulize neno linaloishia na a: bidhaa hazitatozwa ushuru. Ondoa ile pumzi, na hazitatozwa itaangukia ndani ya a ya bidhaa na kuzama humo. Kinachobaki masikioni ni bidhaa zitatozwa ushuru. Maana imegeuka kichwa chini, na hakuna aliyedanganya.

Huu si mfano nilioutunga kwa ajili ya mtihani. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, huvusha maharage kwenda Bukoba kupitia Mutukula. Jioni moja ya Jumatano nilimpakia kutoka mjini, ameketi nyuma ambako spika ya kulia ilikuwa imechanika tangu tulinunue gari, mvua inapiga bati la paa, na redio ikitoa taarifa ya habari ya Kiswahili. Msomaji akataja wafanyabiashara wadogo wa mpakani, akataja ushuru, akapita. Mimi nilikuwa nampisha mtu wa bodaboda, sikushika neno. Mume wangu, aliyekuwa mbele kando yangu, akasema, "Wamesema hazitatozwa." Wifi akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuhesabu hasara, "Shemeji, wamesema zitatozwa. Nimesikia kwa masikio yangu."

Akaahirisha safari ya Ijumaa. Maharage yakalala stoo, na gari alilokuwa amelikodi likachukua mzigo wa mtu mwingine. Malipo ya awali hayakurudi. Jumatatu alikwenda mwenyewe mpakani, akawauliza maofisa wa forodha, akajibiwa kwamba hakuna ushuru mpya. Tangazo lilikuwa linakumbusha utaratibu ambao umekuwapo miaka mingi: mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, anaweza kupewa hati rahisi ya uasili wa bidhaa pale pale mpakani, asitozwe ushuru wa forodha. Kodi na ada nyingine huenda zikawapo, na ni haki yako kuulizia kila moja kwa jina lake. Lakini ushuru wa forodha, la.

Nilipowaeleza wanafunzi kisa hiki, mmoja alisema kwamba wifi angethibitisha kwanza. Kweli. Nami hufundisha hivyo kila muhula: habari inayogusa mfuko wako, itafute mara ya pili. Lakini tusiwe wepesi kumtwika msikilizaji mzigo wote. Ibara ya 41 ya Katiba ya Uganda inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Haki hiyo ina safari ndefu: inatoka ofisini, inapita kwa mwandishi, kwa mtafsiri, kwa msomaji wa habari, kwa mnara, kwa redio. Hatua yake ya mwisho kabisa ni karatasi ya duara inayotetema mlangoni. Hatua hiyo ndiyo pekee ambayo naweza kuitengeneza kwa bisibisi.

Nikaamua kubadilisha. Spika nilizozitafuta huitwa za koaksia, yaani zenye mhimili mmoja. Kubwa, inayotoa sauti nzito na ya kati, imebeba katikati yake ndogo iitwayo twita, inayotoa sauti nyembamba. Zote mbili zinatazama upande mmoja kutoka kitovu kimoja. Kati yao kuna kapasita, kijiti kidogo kinachozuia sauti nzito zisiingie kwenye twita na kuiunguza. Wauzaji huzitaja kwa njia: njia mbili, njia tatu, hata njia nne. Usivutiwe na idadi. Njia mbili zilizotengenezwa vizuri hushinda nne zilizobandikwa kwa ajili ya kupendeza macho. Kuna aina nyingine ambayo twita hutengwa na kufungwa juu karibu na kioo cha pembeni. Hiyo ni nzuri zaidi kwa mwenye fedha na muda, lakini inahitaji kutoboa na kupitisha waya mpya. Ya koaksia huingia katika shimo lile lile la zamani, nayo hutumia waya zile zile.

Fundi niliyempata Kisekka aliwahi kuishi Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, chepesi na cha kuchekesha. Swali lake la kwanza lilikuwa bora kuliko maswali yote niliyoulizwa siku hiyo. "Mwalimu, unataka muziki upige, ama unataka kusikia?"

"Nataka kusikia."

"Basi hizi weka chini," akasema, akaniondolea mkononi boksi lenye miali ya moto na namba wati 500.

Namba hiyo inastahili maelezo, kwa kuwa ndiyo inayowanyang'anya watu fedha zao. Wati zilizoandikwa kwa maandishi makubwa ni za kilele, yaani kile ambacho spika inadaiwa kuhimili kwa kufumba na kufumbua. Ziulize wati za kudumu, ambazo huandikwa kwa herufi ndogo pembeni au hazikuandikwa kabisa. Kisha jiulize redio yako inatoa wati ngapi. Injini ikiwaka, umeme wa gari ni karibu volti 14. Spika ya kawaida ina ukinzani wa omu 4. Piga hesabu kama wanavyofundishwa wanafunzi wa fizikia, 14 mara 14, ugawe kwa mbili mara 4, utapata 24.5, na kwa kuwa redio yenyewe hupoteza kiasi, wati safi zinazofika mlangoni ni kati ya 15 na 20 tu kwa kila spika. Hata kama kwenye uso wa redio pameandikwa 50 mara nne. Spika ya wati 500 iliyofungwa kwenye redio ya namna hiyo ni kama lori linalovutwa na punda.

Cha kuangalia ni namba nyingine, ndogo na isiyo na miali ya moto: usikivu wa spika, unaotajwa kwa desibeli inapopewa wati moja na kupimwa umbali wa mita moja. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hapo ni sawa na kuizidisha nguvu ya redio mara mbili. Spika yenye 92, ukiilinganisha na yenye 86, inahitaji robo tu ya umeme ili itoe sauti ile ile. Angalia pia omu. Ziko spika za omu 2 zinazosifiwa kwa sauti kubwa. Redio iliyoundwa kwa omu 4 huweza kuchemka ikilazimishwa kuzilisha.

Nilikuwa nimekwenda na simu yenye sauti yangu mwenyewe nikisoma maneno: fika, shika, suka, shuka, fuka, kosa, kosha, bidhaa zitatozwa, bidhaa hazitatozwa. Fundi alicheka, kisha akaacha kucheka, akaziunganisha jozi tatu mezani moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa na bezi tamu, na maneno yangu yalisikika kama yanatoka ndani ya mtungi. Ya pili ilikuwa na twita ya chuma iliyogeuza kila s kuwa filimbi. Ningeendesha nayo hadi Masaka, kichwa kingeniuma kabla ya Mpigi. Ya tatu ilikuwa ya wati chache kuliko zote, twita yake ya kitambaa cha hariri, nayo iligeuzika kidogo ili ielekezwe juu. Sauti nyembamba husafiri kwa mstari ulionyooka, na mlango wa gari uko kwenye magoti ya dereva. Twita inayotazama miguu humhutubia kiatu. Nikaisikia ile pumzi ya h, nyembamba, mahali pake. Nikalipa shilingi 180,000 kwa jozi ya mbele, na nikadai risiti. Muuzaji aliniangalia kama mtu aliyeomba hati ya kiwanja. Dai risiti, mpenzi msomaji. Spika bandia zenye majina ya heshima ni nyingi, na bila karatasi huna pa kuanzia unaporudi kulalamika.

Kufunga kwenyewe kulichukua asubuhi moja, kwenye uwanja wa nyumbani, mimi nikishika taa na fundi akishika bisibisi. Nitakueleza yale tu ambayo watu huyaruka. Waya hasi ya betri huondolewa kwanza. Skrubu za mlango hujificha nyuma ya kitasa na chini ya pahali pa kuegemeza mkono. Ukivuta kabla ya kuzimaliza zote, utavunja vibanio vya plastiki, na vibanio vya gari la Japani la zamani hutafutwa kama lulu. Nyuma ya ubao wa mlango utakuta karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Mafundi wenye haraka huichana na kuitupa. Usikubali. Maji ya mvua huteremka ndani ya mlango kila siku, hiyo ni kawaida yake, na karatasi hiyo ndiyo inayoyaelekeza nje kupitia matundu ya chini. Bila hiyo, spika yako mpya itaoga kila masika, na zulia litanuka.

Spika ya zamani katika gari langu ilikuwa imeshonwa kwa ribiti, pamoja na bangili ya plastiki iliyo sehemu ya umbo lake. Mpya haina bangili. Ukiifunga bila ringi ya kuinyanyua, mojawapo ya mawili hutokea: ama sumaku hugusana na kioo kinaposhuka, ama pengo hubaki pembeni. Kuhusu kioo, jaribu kukishusha hadi mwisho kabla hujakaza skrubu yoyote. Kuhusu pengo, elewa kwamba koni inaposukuma hewa mbele huivuta nyuma kwa wakati huo huo. Hewa hizo mbili zikikutana kupitia ufa, hufutana, na sauti nzito hutoweka. Mkanda wa sponji wa kuziba mzingo hugharimu kidogo sana.

Kisha kuna chanya na hasi. Ukigeuza waya za spika moja, zote mbili zitalia, hakuna kitakachoungua, na hutajua kilichoharibika. Ila moja itakuwa inasukuma wakati mwenzake anavuta, na msomaji wa habari atasikika kana kwamba yuko pande zote na hayuko popote. Dawa yake ni betri ndogo ya redio, ya volti 1.5. Gusisha waya za spika kwa nukta moja: koni ikitoka nje, upande uliogusa kichwa cha betri ndio chanya. Mwisho, usimruhusu fundi akate plagi ya kiwandani. Tumia waya wa kuunganishia wenye soketi inayolingana, ili siku ukiuza gari au ukitaka kurudisha ya zamani, usikute mkia uliofungwa kwa utepe mweusi. Na kama gari lako ni la miaka ya karibuni, uliza kwanza kama mlango una kihisio cha mkoba wa hewa. Magari mengine hupima mgandamizo wa hewa ndani ya mlango, na kutoboa au kuziba ovyo humo si mchezo.

Jirani yetu, mzee mwenye busara zake, alikuja kusimama akitazama. Akauliza kama sasa tutampigia kelele usiku. Lilikuwa swali la haki. Katika miji yetu, anayebadilisha spika hushukiwa kwamba anatafuta makuu, na mara nyingi shuku hiyo ni ya kweli. Teksi za abiria 14 hupita zikitikisa madirisha ya wodi. Uganda ina kanuni za viwango vya kelele tangu 2003, Kenya wana zao za 2009, na Katiba yetu katika ibara ya 39 inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Mimi huisoma ibara hiyo kuwa inalihusu pia sikio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza desibeli 3, muda salama hupungua nusu, kwa hiyo kwa 89 umebakiwa na saa 5 za wiki nzima. Mwite kondakta wa teksi umwulize anakaa humo saa ngapi kwa siku.

Nilimjibu mzee kwamba atatusikia pungufu kuliko zamani, na ndivyo ilivyokuwa. Zamani nilikuwa naipandisha sauti ya redio ili niyakamate maneno, na kadiri nilivyoipandisha ndivyo yalivyozidi kuvurugika. Kitufe kilikuwa kinafika 28. Sasa kinakaa 15, na ninamsikia msomaji wa habari akivuta pumzi kati ya sentensi. Wanafunzi wawili ninaowapakia asubuhi wameanza mchezo wao wenyewe: kila kitenzi cha kukanusha kikipita, anayekiwahi hupiga dashibodi. Juzi, katika taarifa moja kuhusu nauli, walipiga mara nne, na mara moja kati ya hizo walibishana. Ilikuwa haijaamuliwa. Wote wawili walikubaliana kwamba ha ilikuwapo; walichobishania ni kama "haijaamuliwa" inaahidi kwamba itaamuliwa. Huo ni ubishi wa watu waliosikia.

Jozi ya nyuma bado ni ile ya zamani. Ada ya shule ilitangulia, na ya kulia bado inatetema kama ilivyokuwa. Kwa sasa wifi yangu akipanda huketi mbele, na mume wangu amehamia nyuma bila kulalamika sana.